Nilivyoula Ujira wa Watu Mia Sita

Sehemu ya nne

Wiki iliyopita niliwaacha nikiwa na kalamu mpya mfukoni na heshima niliyodhani ni ya kweli. Kwa msomaji ambaye gazeti lile lilifungiwa dagaa kabla hajalimaliza, nitarudia kwa ufupi.

Mimi ni Arulnesan, mwalimu mwenye cheti cha chuo, mtoto wa laini, zile safu za vyumba vya wafanyakazi, za shamba la chai la Strathlee, huku milimani. Nilipoteza kazi ya shule kwa kosa nililolieleza katika sehemu ya pili, nikarudi kuishi chumba kimoja na dada yangu Pakkiyam, ambaye huchuma chai. Wachumaji walikuwa wamegoma siku kumi na moja. Kima cha chini kilikuwa rupia elfu moja kwa siku. Wao walitaka elfu moja na mia saba. Kampuni ikajibu kwa upole kwamba haina ugomvi wowote na ujira wa kujikimu, mradi tu ijulikane kujikimu ni nini. Basi kupimwe, na wakati wa kupima watu warudi kazini.

Apime nani? Wachumaji walitaka mtu wao. Meneja alitaka mtu mwenye mwandiko mzuri. Kwa mara ya kwanza tangu shamba lile lipandwe, pande mbili zikakubaliana juu ya jina moja.

Nilifurahi. Hilo ndilo lilikuwa kosa la kwanza.

*

Fomu ilikuwa na kurasa nane. Juu ya ukurasa wa chakula paliandikwa kwa herufi nzito: Mkusanyaji aandike chakula alichokiona kwa macho yake, si alichosimuliwa.

Niliipenda sentensi hiyo. Ilinikumbusha chuo.

Nyumba za kupimwa zilikuwa arobaini. Nilichora ratiba kwa rula, nikaonyesha namba ya chumba, siku na saa, nikaibandika ukutani pale wachumaji wanapoacha watoto wachanga asubuhi. Dada yangu aliisoma akiwa amebeba mfuko mtupu begani.

"Umeweka na saa?"

"Kazi bila ratiba ni ghasia, dada."

"Hata saa ya kula?"

"Hasa saa ya kula. Lazima nikione chakula."

Aliniangalia kama nyapara anavyouangalia mfuko wa majani anaoushuku kuwa umewekwa mawe chini. Kisha akapanda mlimani kuchuma.

*

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya Muthammal, mwanamke pekee wa Strathlee anayemjibu nyapara kabla nyapara hajamaliza kusema.

"Karibu, Mwalimu. Keti. Sio hapo! Hapo panavuja."

Alikifuta kigoda kwa upindo wa sari yake, kisha akanipangia mbele yangu wali, mchuzi wa yai, dagaa wa kukaanga, na chai nzito ya maziwa. Sahani ilikuwa ya udongo mweupe.

"Mama, nimekuja kuandika, sikuja kula."

"Utaandikaje usichokionja? Au unataka kwenda kusema kwa watu kwamba Muthammal hajui kupika?"

"La, hasha."

"Basi kula, mwanangu. Kalamu haikimbii."

Nikala. Mumewe alikuwa ameketi pembeni, akilitazama lile yai kama jamaa ambaye hajaonana naye tangu sikukuu ya Dipavali.

"Hivi ndivyo mnavyokula kila siku?" niliuliza, kama fomu ilivyoagiza.

Wote wawili walitazamana.

"Siku nyingine tunakula kuku," akasema Muthammal.

Nikaandika.

Nyumba ya pili nilipewa kuku. Nyumba ya tatu nilipewa mayai mawili, na juu ya rafu palikuwa na redio ambayo kitufe chake kimefungwa kwa uzi mwekundu. Redio yenye uzi kama huo nilikuwa nimeiona kwa Muthammal saa moja kabla. Nikaandika: redio, moja.

Katika nyumba ya tano niliikuta tena redio ileile. Ilikuwa bado ina joto la mikono ya watu.

*

Hapa naomba msomaji anivumilie, kwa maana hapa ndipo ninapokiri.

Ningeweza kuandika kwamba nilidanganywa. Mhariri angeipenda zaidi hadithi hiyo. Lakini mimi nilizaliwa laini. Mama yangu aliwahi kuzunguka vyumba vitatu kuazima sukari ili karani wa shamba anywe chai tamu kwetu, na sisi tukanywa chai chungu mpaka mwezi ukaisha. Nilijua tangu yai la kwanza. Nilijua mahali lilikotoka, na nilijua ni nani hakulila ili mimi nilile.

Fomu ilisema niandike nilichokiona, na kwa hakika nilikiona.

Na kuna jingine. Tangu nifukuzwe shule, hakuna aliyekuwa amenifutia kigoda. Hakuna aliyekuwa ameniita Mwalimu bila kucheka kidogo mwishoni. Katika nyumba arobaini nilipewa mahali pakavu, nikaulizwa kama chumvi inatosha, nikasindikizwa mpaka mlangoni. Nilikula mayai ya wachumaji wa chai nikijiambia kuwa ninakusanya takwimu.

Kufikia wiki ya pili, karani wa mizani alinipandisha kwenye mizani ya majani kwa utani.

"Mwalimu, umeongezeka kilo mbili! Sisi tunakatwa kilo mbili kila jioni, eti ni maji ya mvua. Wewe nani akukate?"

Watu walicheka. Nami nilicheka.

*

Jioni ile dada yangu alikuwa akiusugua mguu kwa chumvi ili ruba amwachie.

"Leo umekula nini?"

"Samaki."

"Kwa Rasamma?"

"Kwa Rasamma."

"Rasamma amechuma Jumapili mbili kwa ajili ya samaki huyo."

Niliweka kalamu chini. Kisha nikasema kwa sauti ya darasani, "Sasa mbona hawaniambii? Mimi si mtu baki."

"Wakuambie nini? 'Karibu mgeni, sisi mafukara'?"

"Ningeandika hivyo hivyo!"

"Ndiyo," alisema Pakkiyam, akimtupa ruba motoni. "Ungeandika. Ndiyo maana."

Usiku huo dhamiri ilinisumbua, nami nikaitibu kwa utaratibu. Nilichukua penseli na nyuma ya kila fomu nikaandika kwa mwandiko safi: Chakula hiki kiliandaliwa kwa ajili ya mgeni. Mara arobaini, bila kufuta hata herufi moja. Nililala usingizi wa mtu aliyetenda haki.

*

Baada ya wiki tano majibu ya wataalamu yakarudi kutoka Kolombo. Tuliitwa uwanjani, pale majina yanapoitwa kila asubuhi. Meneja wetu, Bwana Hapugoda, alisimama juu ya kreti. Ni Msinhala, si Mtamil kama sisi, lakini alizaliwa shambani na kulelewa na yaya wa laini, kwa hiyo huzungumza na wachumaji kwa Kitamil chao wenyewe, kitamu kiasi kwamba mtu husahau kukasirika.

"Dada zangu," alisema, "nimesoma ripoti hii nikatokwa na machozi ya furaha. Nyumba arobaini kati ya arobaini zimeonekana zikila yai, kuku au samaki. Redio zipo. Sahani za udongo zipo. Yote haya kwa rupia elfu moja! Wataalamu wanasema ujira wenu si tu kwamba unatosha. Unabaki."

Karibu nami mwanamke mmoja alianza kuhesabu kwa vidole.

"Lakini msiwe na hofu," akaendelea, na mkono akauweka kifuani. "Kampuni imeamua kwamba hicho kinachobaki haitakidai."

Muthammal alisimama. Nilimwona akivuta pumzi, na nikajua kuwa hatimaye ukweli unakuja.

"Bwana Mkubwa, yai lile..."

"Naam, dada?"

Watu mia sita walimgeukia. Mumewe alitazama chini. Ili kulikana lile yai ilimpasa aseme lilikuwa la nani, na aseme mbele ya wote kwamba nyumbani kwake mgeni hawezi kupewa yai.

"Yai lile lilikuwa dogo," alisema Muthammal, akaketi.

Ndipo nikasimama mimi.

"Bwana, nyuma ya kila fomu kuna maelezo."

"Nyuma?"

"Kwa penseli."

Hapugoda alinitazama kwa huruma ya kweli. "Mwalimu, Kolombo walipiga nakala za kurasa zenye namba. Nyuma hakukuwa na namba. Wewe ni mtu wa utaratibu. Ungependa wapige nakala za kurasa zisizo na namba?"

Nakiri kwamba kwa nukta moja nilimwona ana hoja.

"Basi nasema kwa mdomo," nikapaza sauti. "Chakula kile ni cha kuazima! Hakuna mtu hapa anayekula mayai!"

Kelele zilizozuka hazikuwa za kuniunga mkono.

"Nani hana yai?" Muthammal alikuwa amesimama tena, na safari hii hakukwama. "Nilikupa yai, ukalila, ukalamba na mchuzi, leo unanivua nguo mbele ya uwanja?"

"Mama Muthammal, ninakutetea!"

"Nitetee nikiwa nimevaa!"

"Alikula kwangu mapaja mawili ya kuku," alisema mwingine. "Mawili! Mtu mmoja!"

Hivyo ndivyo nilivyofanikiwa kuchukiwa mara mbili kwa fomu zile zile: kwanza kwa kuandika, kisha kwa kukana nilichoandika.

*

Bwana Hapugoda aliinua mkono, na watu wakatulia.

"Tusigombane. Alhamisi anakuja Bi Annelies kutoka kampuni ya ng'ambo inayonunua chai yetu yote. Wateja wake huko wanataka kujua kama mchumaji anaishi. Anasema hataki fomu wala ripoti. Atakula katika nyumba moja, aione mwenyewe. Akiandika kwamba elfu moja haitoshi, kampuni yake italipa bei ya kutosha elfu moja na mia saba. Akiandika inatosha, basi tumemaliza, na mgomo tusisikie tena. Nyumba itachaguliwa kwa kura."

Vyama vya wafanyakazi, wanasheria, bodi ya ujira na mgomo wa siku kumi na moja, vyote vilikuwa vimeishia kwenye tumbo la mwanamke mmoja. Lakini hakuna aliyepinga. Tulikuwa tumechoka.

Kura ilianguka kwa Pakkiyam.

Nilitamani kuruka kwa furaha. Kati ya vyumba vyote vya Strathlee, ndicho pekee ambacho nilijua hasa kilichomo chunguni mwake. Hakukuwa na kitu.

*

Jumatano, baada ya mizani ya mwisho, Muthammal alikuja kwetu na nusu ya laini nyuma yake. Hakunisalimu.

"Pakkiyam, toa hilo blanketi. Toa sufuria ya pili. Hilo kabati lipeleke kwangu."

"Kwa nini?"

"Safari hii tutamwonyesha. Unga umwage, bakiza wa kiganja. Na mtoto alie hapo pembeni."

"Mtoto yupi? Mimi sina mtoto."

"Tutaazima. Kuazima tumezoea."

Rasamma alijitolea mjukuu wake, akasema kuwa ana kifua na hulia vizuri. Mwingine akashauri paa litobolewe. Nilisimama katikati ya chumba nikiwa na hotuba nzima kichwani kuhusu ukweli na takwimu, lakini dada yangu alinitangulia.

"Acheni vitu vyangu."

"Mia saba hiyo, Pakkiyam! Kila siku mia saba! Unataka kuipoteza kwa ajili ya blanketi?"

"Mara ya kwanza mliongeza, mkajinyonga. Sasa mnataka kupunguza. Mimi siongezi wala sipunguzi. Atakula ninachokula, atakaa ninapokaa. Akiwa na macho ataona."

Muthammal aliliachia blanketi.

"Na usipike yai," alisema.

"Yai nitalitoa wapi?"

Nilijisikia fahari. Nilijiambia kuwa katika ukoo wetu palikuwa na angalau mtu mmoja mwadilifu, na kwamba mambo sasa yamenyooka.

*

Bi Annelies alikuwa mrefu mno kwa mlango wetu. Aliinama, akavua viatu bila kuambiwa, akaketi sakafuni bila kufutiwa. Nilimpenda, jambo ambalo sikulitarajia. Bwana Hapugoda alikaa kizingitini na kikombe chake. Mimi nilikaa katikati kama mkalimani, kwa kuwa mgeni alisema Kiingereza tu, dada yangu Kitamil tu, na meneja, aliyejua zote mbili, hakutakiwa kutafsiri. Nje, wanawake walijaza baranda nzima, wakichungulia.

Pakkiyam aliandaa kilekile alichokula jana na juzi: chapati mbili nene za unga mweupe, nazi iliyosagwa na pilipili, na chai ya vumbi bila maziwa.

Mgeni alikula. Pilipili ilimtoa machozi, akacheka, akaendelea kula. Aliuliza unga unanunuliwa wapi, na maji yanatoka wapi. Dada yangu alijibu, nami nikatafsiri kila neno kwa usahihi. Aliuliza anachuma kilo ngapi. Kumi na nane, na zisipofika analipwa nusu siku. Mgeni alitikisa kichwa. Alikitazama chumba, akayatazama maji yaliyokuwa yakidondoka ndani ya sufuria ya pili, na niliona kwamba ana macho.

Kisha akatoa daftari na kalamu. Mkono wa kushoto bado ulishika chapati.

"Nina swali moja tu la mwisho," aliniambia. "Sitaki maoni yako, wala ya meneja. Nitaandika jibu lake kama lilivyo, na hilo ndilo nitakalolipeleka. Muulize: chakula hiki kinatosha?"



Kwetu, mwenye nyumba akiulizwa swali hilo wakati mgeni ana tonge mkononi, jibu ni moja tu. Kusema hakitoshi ni kumwambia mgeni kwamba amekula sehemu ya mtu mwingine, aache. Kila mwanamke aliyekuwa barandani alilijua jibu hilo, na kila mmoja angelitoa. Hata Muthammal. Nilimwona mlangoni, kiganja mdomoni.

Nilimuuliza dada yangu. Nilijaribu kumkonyeza. Hakunitazama. Aliitazama sahani ya mgeni, akaona imebaki nusu chapati, akatabasamu kwa uso wote, tabasamu ambalo sikuwa nimeliona tangu mama afariki.

"Kinatosha, mama," alisema. "Kinatosha na kubaki. Kula."

Kalamu ilikuwa juu ya karatasi. Bi Annelies alinigeukia.

Katika maisha yangu yote sijawahi kubadilisha neno la mtu. Niliwahi kumnyima alama mtoto wa mkaguzi kwa nukta moja iliyokosekana. Niliandika yai pale nilipoona yai.

"Anasema hakitoshi," nikatafsiri.

Mkono wa mgeni ulisimama. Aliitazama ile chapati kana kwamba ameikuta kwenye mfuko wake na haijui ilivyoingia. Akairudisha sahanini polepole. Kisha, kwa adabu kubwa, kwa vidole viwili, akaisukuma sahani mpaka mbele ya magoti ya dada yangu.

Barandani pakasikika mtu akivuta pumzi.

Tabasamu la Pakkiyam lilibaki mahali pake kwa muda, bila mwenyewe. Aliitazama sahani. Alimtazama mgeni. Mwisho akanitazama mimi.

"Mbona ameacha kula? Arul, mdogo wangu, umemwambia nini?"

Bwana Hapugoda aliweka kikombe chini, akaniinamia, na kwa Kitamil laini ambacho kila aliyekuwa barandani aliweza kukisikia, akasema:

"Chagua, Mwalimu. Nimweleze mgeni alichosema dada yako, au wewe umweleze dada yako alichosikia mgeni?"

Kalamu ya Bi Annelies ilikuwa bado haijaandika kitu.